KUCHUNGUZA SKRINI YA KOMPYUTA ILIYOHARIBIKA

Tuseme kwamba asubuhi moja kompyuta mpakato ya shule yenu imewashwa. Taa yake ndogo inawaka, na feni inavuma, lakini skrini ni nyeusi tii. Ndani ya kompyuta hiyo mna alama za mitihani za wanafunzi wote. Mtu mmoja asema, "Imekufa." Mwingine asema, "Tununue skrini mpya." Je, yupi kati yao asemaye kweli? Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyechunguza.

Jua kwanza kwamba alama zile hazikuhifadhiwa katika skrini. Zimo katika diski, ambayo imo katika sehemu ya chini yenye vitufe. Kazi ya skrini ni kuonyesha tu. Kwa hiyo skrini kuwa nyeusi si ushahidi kwamba alama zimepotea.

Skrini hufanyaje kazi?

Skrini nyingi za kompyuta mpakato zina matabaka mawili makuu. Tabaka la nyuma ni taa itoayo mwanga mweupe. Tabaka la mbele lina nukta ndogo sana, ambazo huruhusu mwanga huo kupita au huuzuia. Skrini yenye mistari 768, na nukta 1,366 katika kila mstari, ina jumla ya nukta 1,049,088. Kila nukta ina sehemu tatu: nyekundu, kijani na buluu.

Tabaka la mbele halitoi mwanga wake lenyewe. Fikiri juu ya nyumba yenye mapazia madirishani wakati wa usiku. Taa ya ndani ikizimika, aliye nje haoni kitu, hata kama mapazia yamefunguliwa.

Picha hutengenezwa na ubao mkuu wa saketi, ulio chini ya vitufe. Kutoka hapo hupita katika waya mwembamba uliopenya kwenye bawaba za kifuniko, kisha hufika kwenye skrini. Basi kosa laweza kuwa katika ubao mkuu, katika waya, katika taa ya nyuma, au katika tabaka la nukta.

Hatua za uchunguzi

Fanya uchunguzi huu pamoja na mwalimu wako. Badili jambo moja tu kila mara. Ukibadili mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoleta tofauti.

1. Chunguza umeme. Unganisha chaja, kisha tazama kama taa ndogo inawaka. Ikiwa hakuna taa wala sauti yoyote, usianze kuilaumu skrini.

2. Bonyeza kitufe cha kuongeza mwanga wa skrini. Huenda mtu aliupunguza bila kujua.

3. Tia chumba giza, kisha mulika skrini kwa tochi kutoka upande. Ukiona picha hafifu, basi picha inafika, ila taa ya nyuma haiwaki.

4. Unganisha kompyuta na skrini nyingine au projekta. Hakikisha kwanza kwamba kifaa hicho ni kizima, kwa kukijaribu na kompyuta nyingine. Picha ikionekana vizuri huko, ubao mkuu unafanya kazi, na kosa limo katika waya au katika skrini. Lakini mistari ileile mibaya ikionekana kwenye skrini zote mbili, kosa limo katika ubao mkuu au katika programu.

5. Sogeza kifuniko mbele na nyuma polepole. Picha ikitokea na kupotea, waya wa kwenye bawaba unashukiwa, kwa kuwa hujikunja kila kifuniko kinapofunguliwa na kufungwa.

Tulipofikia

Tuseme kwamba katika kompyuta ya shule yenu tochi haikuonyesha kitu. Kwenye projekta picha ilionekana safi, na kifuniko kilipofikishwa nusu, skrini ikawaka kwa muda mfupi. Sasa mna jambo la kumwambia fundi: "Tunashuku waya." Kwa kawaida waya huo ni wa bei ndogo kuliko skrini nzima. Tena, kwa kutumia projekta, mwalimu aweza kunakili alama zote siku hiyohiyo.

Daktari mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Nasi hatuna budi kupima kabla ya kununua.

Hadhari

Usifungue kompyuta kwa bisibisi. Umeme wa ukutani una nguvu ya volti 230, nao waweza kuua. Betri ya kompyuta ikitobolewa yaweza kushika moto. Skrini iliyopasuka usiiguse kwa vidole.

Maswali

1. Kwa nini skrini nyeusi si ushahidi kwamba alama za mitihani zimepotea?
2. Eleza kazi ya taa ya nyuma na kazi ya nukta za mbele.
3. Kwa nini ni lazima kuhakikisha kwamba skrini ya pili ni nzima kabla ya kuitumia katika uchunguzi?
4. Tochi nyumbani kwenu haiwaki. Andika hatua tatu za kutafuta kosa, ukibadili jambo moja kila mara.