CHEREHANI IKIPIGA KELELE, ISIKILIZE KWANZA

Kila mwaka, tangu Desemba hadi Machi, West Nile huwa katika kiangazi. Upepo mkavu huvuma, na vumbi jekundu hutanda juu ya mapaa, majani na vyombo vya nyumbani, toka Arua mpaka Koboko. Ni katika majira hayo hayo ndipo cherehani za nyumbani hufanya kazi nyingi, kwa sababu muhula wa kwanza wa shule hufunguliwa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, na kila mzazi hutaka sare ya mtoto wake iwe tayari. Basi si ajabu cherehani kuanza kutoa sauti ngeni wakati huo: inatakiwa kushona sana, nayo inameza vumbi jingi.

Katika nyumba nyingi za askari, cherehani si pambo. Mshahara wa bwana huja mara moja kwa mwezi, na pengine mwenyewe yuko kazini mbali. Lakini cherehani iliyowekwa barazani huleta fedha ya chumvi na sabuni siku zote. Wazee wetu hawajasahau kwamba mwaka 1980, watu wengi wa West Nile walipokimbilia Sudan na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku hizo, mwenye cherehani ya mkono aliweza kuibeba kichwani na kujipatia riziki ugenini. Chombo cha namna hiyo kikianza kulia, ni jambo la nyumba nzima.

Tuchukue mfano wa mama aliyepokea vitambaa vya sare sita, na shule inafunguliwa Jumatatu. Ijumaa jioni cherehani yaanza kugonga. Badala ya kusimama, yeye akanyaga kwa nguvu zaidi ili amalize. Sindano yakatika, kipande chake chatumbukia chini na kukwaruza chuma kinachopokea uzi. Kazi ambayo ingetengenezwa kwa sindano moja mpya sasa yahitaji fundi na chuma kipya. Na wenye sare wamekwisha chukua vitambaa vyao kwingine. Hasara hiyo haikuletwa na kelele. Ilitokana na kuipuuza kelele.

KUTAFUTA MAHALI PA KELELE

Usikiapo sauti isiyo ya kawaida, acha kushona mara moja. Toa kitambaa, toa uzi wa juu, toa na bobini. Inua ule mguu wa kubana kitambaa, kwa maana ukizungusha cherehani mguu ukiwa chini bila kitambaa, utasagana na meno yanayosukuma kitambaa, na vyote viwili vitaharibika. Kisha zungusha gurudumu la mkono polepole, upande ule ule liendako wakati wa kushona, huku ukitega sikio.

Kama cherehani yako ni ya miguu, vua ule ukanda na ukanyage kikanyagio peke yake. Sauti ikiendelea kusikika, ugonjwa uko katika miguu ya chuma. Ikinyamaza, ugonjwa uko katika kichwa. Rudisha ukanda, halafu ulegeze ile skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono, kama ufanyavyo unapojaza uzi katika bobini. Sasa gurudumu litazunguka bila sindano kwenda. Sauti ikiwapo bado, iko katika gurudumu au ukanda. Isipokuwapo, iko upande wa sindano na bobini. Kwa njia hiyo utakuwa umepunguza mahali pa kutafuta bila kufungua nati hata moja.

KUGONGA KWA KILA MSHONO

Sauti ya ta-ta-ta inayofuatana na mshono aghalabu hutoka kwa sindano. Huenda imepinda, au haikusukumwa mpaka juu kabisa, au upande wake bapa umegeuzwa vibaya, ikawa yagonga bamba la chuma lililo chini yake. Itoe na uilaze juu ya kioo: ikiwa imepinda, utaona mwanga usio sawa kati yake na kioo. Kabla ya kuitoa, tazama vizuri jinsi ilivyokaa, ili mpya ikae vivyo hivyo, kwani cherehani zote hazifanani.

Sindano butu nayo hupiga kelele: kila inapotoboa nguo husikika kama ngoma ndogo. Tena unene wa sindano sharti ulingane na kitambaa. Kwa kitambaa chepesi yafaa namba 11. Kwa pamba ya kawaida na kitenge, namba 14. Kwa kaki na kitambaa kigumu cha sare, namba 16 au 18. Wengi hushona kaki kwa sindano ya kitenge, kisha huilaumu cherehani.

Na sindano ikikatika, usiendelee mpaka umevipata vipande vyake vyote.

KUKWARUZA NA KUSAGA

Sauti nzito, kama mchanga katikati ya meno, hutoka chini, mahali bobini inapokaa. Hapo hukusanyika nyuzinyuzi za kitambaa, na katika kiangazi vumbi huchanganyika nazo na mafuta, zikawa kama udongo. Toa bobini na kijumba chake, fungua lile bamba la chini ya sindano, na usafishe kwa burashi ndogo. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina maji na maji huleta kutu. Angalia pia kama kipande cha uzi hakikunasa pembeni mwa chuma kile chenye ncha kama ndoana; uzi mfupi tu waweza kuifanya cherehani nzima iwe nzito.

Bobini ya chuma iliyobonyea, au iliyojazwa uzi ovyo ovyo, nayo hucheza katika kijumba chake na kufanya makelele. Itupe, utie nyingine.

KULIA KWA UKAVU

Sauti nyembamba, kama ya mlango wenye bawaba kavu, ni cherehani inayoomba mafuta. Tia tone moja katika kila tundu la mafuta, na tone moja pale chuma cha bobini kinapopita. Kisha ishone kitambaa kibovu kwa dakika chache, mpaka mafuta yaliyozidi yafutike, ndipo uguse nguo ya mtu.

Mafuta yawe yale mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia hukauka na kuganda kama gundi. Mafuta ya injini ni mazito na huchafua nguo. Mafuta ya taa hayalainishi chuma. Kazi yake ni kuyeyusha mafuta ya zamani yaliyoganda. Ukiyatumia, yafute yote, mbali na moto, kisha utie mafuta ya kweli.

KUTIKISIKA KWA MIGUU

Kama ulivua ukanda na sauti ikabaki, tazama sakafu kwanza: huenda mguu mmoja haukanyagi chini. Halafu kaza nati za ile fimbo inayounganisha kikanyagio na gurudumu kubwa, uzitie na mafuta. Sauti ya ti! inayorudi kila baada ya muda ule ule mara nyingi ni kile kipini cha waya kinachounga ukanda wa ngozi, kigongapo gurudumu. Kikandamize. Ukanda uliolegea ukate kidogo tu, uunge upya.

KAZI YA FUNDI

Ikiwa umefanya hayo yote na kelele ipo, au mishono inarukwa, au chuma kimepata ufa, mpelekee fundi. Usilegeze skrubu usizozijua, maana nyingine zinashika mpango wa sindano na ndoana kukutana. Ukifika kwa fundi mweleze sauti yenyewe, ilianza lini, na ni wakati gani inasikika. Mgonjwa ajuaye kueleza maumivu yake hutibiwa upesi.

Askari hairudishi bunduki yake ghalani kabla ya kuisafisha na kuitia mafuta, hata kama haikufyatua risasi siku hiyo. Cherehani yastahili utaratibu huo huo: burashi kila jioni baada ya kazi, mafuta mara moja kwa juma wakati wa kushona sana, na kitambaa safi cha kuifunika usiku. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama akiisikiliza cherehani yake Ijumaa, watoto watavaa sare zao Jumatatu.