Chozi wa Songwa

Katika ndege wadogo wanaokaa karibu na watu wa Songwa, kata ya wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, isiyo mbali na machimbo ya almasi ya Mwadui, shomoro ndiye mwenye wingi na kwera ndiye mwenye makelele, lakini mwenye dola juu ya maua ni chozi, na khasa yule chozi wa kifua chekundu ambaye, pamoja na udogo wake wa sentimita 15 hivi toka ncha ya mdomo hata ncha ya mkia, na uzito ambao aghalabu haufiki gramu 15, hupanda asubuhi juu ya waya wa umeme au kilele cha mti akaimba kwa ukali na kwa kurudia rudia, kana kwamba bustani yote, pamoja na nyumba iliyomo, ni milki aliyoirithi kwa wazee wake.

Dume amevaa weusi wa kahawia mfano wa mahameli, kifua chekundu cha kuwaka, na utosi na koo za kijani king'aacho. Jike hakupewa fahari hiyo: ni kahawia juu na madoadoa chini, na mgeni asiyewajua huweza kuapa kwamba ni ndege wa aila nyingine kabisa, mpaka awaone wanalisha kinda mmoja. Linnaeus wa Uswidi aliyemwandika vitabuni mwaka 1766 alimnasibisha na Senegal, na nisba hiyo imebaki hata leo, ingawa maskani yake yameenea toka huko mpaka Afrika Kusini, na katika Usukuma hakuna kijiji chenye maua ambacho hakimjui.

Kile kijani cha utosini si rangi. Mtu akiutwaa unyoya huo akausaga hatapata chembe ya kijani, atapata vumbi la weusi wa hudhurungi tu, kwa maana ndani ya vijinyoya vyake mna vibamba vidogo mno, vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, ambavyo hupokea nuru ya jua na kurudisha sehemu yake moja ikawa kijani machoni petu. Na kwa hiyo dume akikaa kivulini huonekana mweusi mtupu, kisha akigeuza shingo kidogo kuelekea jua akawa ndege mwingine. Wekundu wa kifua ndio rangi hasa, iliyomo mwilini mwa unyoya, nao haubadiliki jua likiwapo au lisipokuwapo, ila umepigwa vimistari vya buluu ambavyo havidhihiri mpaka mtu awe karibu sana.

Riziki yake ni mbochi, yaani maji matamu ya ua, na pamoja nayo wadudu na buibui, ambao ndio chakula cha makinda, kwani utamu peke yake haujengi mwili. Bara la Amerika lina ndege wake wadogo wanaokunywa mbochi huku wakielea hewani. Hao si ndugu wa chozi, bali kazi moja iliwapa umbo lililokaribiana. Chozi huweza kuelea kitambo kifupi ikimlazimu, lakini aonapo pa kutua hutua, akajiinamia au akajining'iniza kichwa chini, ndipo auingize ule mdomo mrefu uliopinda.

Ukali wake unajulikana na kila mwenye bustani, na wengi huuhesabu kuwa ni uchoyo tu wa kuzaliwa nao. Mimi naona kuna hesabu ndani yake. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Kimarekani, Frank Gill na Larry Wolf, walitangaza waliyoyapima Kenya, upande wa Naivasha, juu ya chozi mwingine, yule wa mabawa ya dhahabu: waligundua kwamba eneo alindalo ndege mmoja huweza kuwa pana au dogo mara nyingi zaidi ya la mwenziwe, lakini idadi ya maua yaliyomo hukaribiana na 1,600, kiasi kitoshacho kumlisha siku moja. Wakakadiria pia kwamba saa moja ya kukaa tu humgharimu ndege huyo kalori ndogo 400, saa ya kula 1,000, na saa ya kufukuza wenziwe 3,000. Kwa gharama hiyo ugomvi una nyakati zake: maua yakiwa haba kupita kiasi, kinacholindwa hakilipi nguvu za mlinzi, na yakiwa mengi kupita kiasi hapana haja ya kulinda, maadamu kila mmoja atashiba bila kumsukuma mwenziwe. Anayetaka kuyaona hayo Songwa hana haja ya vipimo. Na atazame tu mkrismasi mmoja unaochanua mwishoni mwa mwaka, mti mzima ukawa mwekundu, aulinganishe na kichaka kimoja cha shubiri mwitu katikati ya kiangazi, ambapo dume mmoja hushinda akikimbiza kila mwenye mabawa, hata vipepeo.

Na kiangazi cha huku ni kirefu. Mvua huanza kwenye Novemba na kukoma Aprili au Mei, na baada ya hapo mbuga hupasuka, mabua ya mtama na ya pamba hukauka, na ndege asiyejua kubadili maskani hufa njaa. Chozi huishi kwa kufuata maua: leo mlingoti wa mkonge uliochanua kwenye ua wa zizi, kesho mpapai dume, kesho kutwa kirukia kilichojipachika juu ya mgunga. Hicho kirukia, ambacho wakulima hukidharau kwa kunyonya miti ya watu, kina adabu ya ajabu na ndege huyu. Ua la baadhi ya aina zake hutimia likabaki limefumba, likimngoja. Chozi akitia ncha ya mdomo katika ufa ulioko ubavuni, ua hufyatuka ghafula na kumtupia chavua kichwani, naye huichukua mpaka ua la pili bila kujua kwamba ametumwa.

Si kila mara, hata hivyo, chozi hulipa kwa anachokunywa. Akikutana na ua lenye mrija mrefu kuliko mdomo wake, hutoboa shina la mrija kwa nje, akanywa, akaenda zake, na chavua ikabaki ilipokuwa. Jambo hili liliandikwa kwa urefu mwaka 1916, katika jarida la Linnean Society ya London, na Charles Swynnerton, Mwingereza mkulima wa Chirinda, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, mtu mwenye mahaba ya ndege kiasi cha kwamba ndege mmoja wa msituni, ambaye yumo pia katika Usambara na Udzungwa, huitwa kwa jina lake. Nasibu ilimleta mtu huyo huyo Shinyanga. Alifanywa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama pori ya Tanganyika mwaka 1919, kisha akakabidhiwa vita dhidi ya mbung'o. Na tangu miaka ya 1920, kwa shauri lake na kwa himaya ya Mtemi Makwaia wa Usiha, maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka wakafyeka vichaka ili mdudu huyo akose kivuli cha kujificha. Swynnerton alifariki kwa ajali ya eropleni mwaka 1938.

Sipendi kumlaumu marehemu. Nagana ilikuwa ikiua ng'ombe na malale yakiua watu, na mchungaji aliyefiwa na kundi zima hawezi kuambiwa habari ya vindege. Lakini ni kinaya cha tarikhi kwamba aliyeandika kwa makini vile jinsi chozi anavyokunywa ndiye aliyefungua mlango wa kufyeka maua yake, na kwamba baada ya mbung'o kuondoka, pamba na ng'ombe waliozidi walimaliza vilivyosazwa na shoka, hata Shinyanga ikawa nchi ya kutajwa kwa ukame wake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004, haukuja na jambo geni. Uliwarudisha watu kwenye ngitili, desturi ya kale ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani na miti ipumzike, na ngitili zikaenea zaidi ya hekta 300,000. Hesabu zilizoandikwa ni za kuni, malisho, dawa na asali. Chozi hakuhesabiwa na mtu, nami naona ni upungufu, kwa kuwa migunga iliyorudi imerudi na kirukia chake.

Kiota hujengwa na jike peke yake, ilhali dume anaimba. Ni mfuko mrefu unaoning'inia, wa majani makavu yaliyofungwa kwa utando wa buibui, wenye mlango ubavuni na kijibaraza juu ya mlango. Ndani hutandikwa manyoya na sufi, na katika nchi ya pamba hakosi pa kuokota. Mara nyingi huutundika karibu na kiota cha nyigu, ambao ni walinzi wasiodai ujira. Mayai aghalabu ni mawili, huatamiwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani kadiri ya muda huo huo au zaidi, isipokuwa pale kekeo alipotangulia kutaga yai lake humo, kwani kinda wa kekeo akianguliwa huwatupa nje wenye nyumba, na chozi hubaki kumlisha yeye. Jike huweza kukirudia kiota kile kile msimu unaofuata, akakitengeneza kwa utando mpya tu. Lakini Songwa viota vingi vimetundikwa kwenye waya wa taa barazani, ambapo huonekana kuwa takataka, vikaondoka kwa ufagio wa sikukuu kabla msimu huo haujafika.