Skrini imezimika katikati ya kutuma pesa: usitume tena, usikimbilie fundi

Siku ya ofu ndiyo siku ya kutuma hela nyumbani. Umekaa kitandani na laptopu, umejaza jina la mpokeaji na kiasi, umebonyeza kuthibitisha, mara simu ya mama inaita. Mnaongea robo saa. Ukigeuka, skrini nyeusi tii. Moyo unaanza kwenda mbio: pesa imekwenda au haijakwenda? Na laptopu ndiyo imekufa?

Sisi lilishatukuta. Tuliizima kwa nguvu, tukaiwasha upya, tukatuma tena haraka haraka. Kesho yake nyumbani wakapokea mara mbili. Ada ya kutuma tukailipa mara mbili, na akiba yote ya mwezi ule ikaondoka. Hela ikishafika nyumbani, mnajua wenyewe, tayari ina kazi yake. Na laptopu haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa imelala tu.

Skrini kuzimika si sawa na kompyuta kulala

Kompyuta isipoguswa kwa muda hupumzika kwa hatua. Kwanza inazima skrini peke yake. Ndani kazi inaendelea na intaneti ipo. Baadaye inalala: kazi zako zinashikiliwa kwa umeme kidogo sana, mengine yanasimama, na mara nyingi intaneti inakatika. Mashine nyingi zina hatua ya tatu: kazi zinahifadhiwa kwenye diski na mashine inazimika kabisa. Ndiyo maana kuiamsha hapo kunachukua muda zaidi.

Sasa tuje kwenye pesa yako. Muamala haukai kwenye laptopu, unakaa kwenye kompyuta za benki au kampuni unayotumia. Kama uthibitisho wako ulishawafikia, laptopu kulala hakuurudishi nyuma. Ukiamsha mashine na ukurasa ukakwambia uingie upya, usidhani muamala umeshindikana. Huo ni ulinzi wao wa kawaida. Ingia, fungua orodha ya miamala, tazama pia meseji na barua pepe kama kuna namba ya muamala. Bado huelewi? Wapigie huduma kwa wateja kwanza. Usibonyeze mara ya pili kwa kubahatisha.

Namna ya kuiamsha

Fuata mpangilio huu, maana mafundi wengi wanatoza hata kwa kuangalia tu.

1. Gusa kitufe chochote cha kibodi, subiri kidogo.
2. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja na ukiachie. Usikishikilie. Ukikishikilia kama sekunde 10 unaizima kwa nguvu, na kazi ambayo hukuihifadhi inapotea.
3. Chomeka chaja, subiri dakika chache, jaribu tena. Betri iliyokwisha inafanana sana na usingizi.
4. Ongeza mwangaza kwa kitufe chenye picha ya jua. Huenda mtu alipunguza mpaka mwisho.
5. Kama ni Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hii inaamsha upya sehemu inayoendesha picha, bila kufunga kazi zako.
6. Mulika skrini kwa tochi ya simu, kwa pembeni. Ukiona maandishi kwa mbali sana, basi mashine ni nzima ila taa ya nyuma ya skrini haiwaki. Hapo sasa fundi ana kazi ya kweli, na wewe unajua cha kumwambia.

Panga muda unaokufaa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I. Chagua System, kisha sehemu inayoanza na neno Power. Utakuta muda wa skrini kuzimika na muda wa kulala, na kila mmoja umewekwa mara mbili: ikiwa kwenye chaji na ikiwa kwenye betri. Watu wengi hubadilisha wa chaji, halafu wanashangaa mbona ikiwa kwenye betri inalala vilevile.

Kwa matumizi yetu, dakika 10 za skrini na 30 za kulala zinatosha ukiwa kwenye chaji. Kwenye betri weka 5 na 15. Siku ya kutuma, chomeka chaja kabla hujaanza, na usifunge kifuniko katikati ya kazi, kwa sababu kukifunga kwa kawaida kunailaza mashine hapo hapo.

Kwenye simu ni hivyo hivyo. Muda wa skrini uko kwenye mipangilio, sehemu ya skrini. Kama uko kwenye sekunde 30, peleka dakika 2 wakati unasubiri namba ya uthibitisho.

Usiweke isilale kabisa

Tunajua kishawishi kipo: chagua Never, yaishe. Tunakushauri usifanye hivyo. Kwenye chumba cha watu sita, au nyumba ya bosi ambako unaitwa ghafla jikoni, laptopu isiyolala ni akaunti yako iliyo wazi mbele ya kila anayepita. Pia ukiitia kwenye begi ikiwa macho inapata joto na kumaliza betri.

Acha ilale, na hakikisha inadai nywila ikiamka. Kwenye mipangilio ingia Accounts, kisha Sign-in options, uchague idai nywila kila inapoamka. Ukiitwa ghafla, bonyeza Windows na L: inajifunga papo hapo, na kazi yako inakusubiri. Na kompyuta ya bosi isitumike kutuma pesa zako hata kama amekuruhusu. Tumia simu yako mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yetu, skrini ikiwa nyeusi vuta pumzi kwanza. Amsha mashine, ingia upya, soma orodha ya miamala, ndipo uamue. Dakika tano za kuangalia zingetuokolea sisi akiba ya mwezi.