Chai Inayonukia Maua: Siri Iko Katika Saa za Kwanza



Wengi wetu hapa Kivu tunajua uzito wa kitunga cha majani ya chai mgongoni. Tunachuma tangu asubuhi, tunapima kilo, gari linabeba majani kwenda kiwandani, na hatuyaoni tena. Wiki hii tutembee kidogo mbali, mpaka mkoa wa Shizuoka huko Japani, karibu na mlima Fuji. Huko wanalima chai ya kijani inayoitwa Koshun. Ukiimiminia maji ya moto inanukia kama maua, na hakuna ua lolote lililotiwa ndani. Harufu hiyo inatoka wapi?

Kwanza, inatoka kwa wazazi wake

Mwaka 1908, mkulima mmoja wa Shizuoka, Sugiyama Hikosaburo, alichagua mti mmoja wa chai uliokuwa upande wa kaskazini wa kichaka cha mianzi. Ukaitwa Yabukita, maana yake kaskazini ya kichaka. Sugiyama alifariki mwaka 1941, na mti wake uliandikishwa rasmi mwaka 1953 tu. Leo Yabukita imejaa zaidi ya nusu ya mashamba ya chai ya Japani.

Lakini aina moja ikijaa kila mahali, majani yote yanakomaa wakati mmoja, mikono haitoshi, na chai yote inakuwa na ladha moja. Ndiyo maana watu wa Shizuoka walitafuta aina nyingine. Koshun, iliyoandikishwa mwaka 2000, ni mtoto wa Kurasawa na Kanayamidori, na wazazi hao wote wawili wana damu ya Yabukita.

Mbegu ya chai haizai mti unaofanana kabisa na mama yake. Kwa hiyo wanakata kijitawi na kukiotesha, kama sisi tunavyopanda mihogo kwa vijiti. Kisha wanangoja miaka kadhaa kabla ya mavuno ya kweli.

Pili, inatoka mikononi

Jani la chai ya kijani na la chai nyeusi linatoka kwenye mti wa jamii moja. Tofauti iko katika kazi ya baada ya kuchuma. Kwa chai nyeusi, kama ile ya viwanda vyetu, jani linanyaushwa, linasagwa, linaachwa ligeuke rangi, ndipo linakaushwa. Kwa chai ya kijani moto unatangulia: jani linapitishwa kwenye mvuke kwa muda usiofika hata dakika moja au uliozidi hapo kidogo, ili lisigeuke. Kisha linasokotwa na kukaushwa polepole, hatua kwa hatua, mpaka liwe jembamba kama sindano. Kilo 5 hivi za majani mabichi zinatoa kilo 1 tu ya chai kavu.

Watengenezaji wengi wa Japani huona jani lililonyauka kabla ya mvuke kuwa kosa. Lakini kwa aina zenye harufu kama Koshun, wengine hulitandaza kwanza kivulini kwa saa chache, kwa uangalifu. Jani linapoteza maji kidogo na harufu ya maua inaamka. Wakizidisha muda, au wakilirundika, chai inaharibika.

Hapa kwetu

Hapo ndipo habari hii inatugusa. Jani linaendelea kuishi baada ya kuchumwa. Tukilishindilia ndani ya gunia, linapata joto, linakuwa jekundu, na kiwandani linakataliwa. Jasho la siku nzima linapotea, na ada ya shule ya mtoto pamoja nalo.

Basi tuyaache majani yalegee ndani ya kitunga. Tusiyakalie wala kuyakanyaga. Tuyaweke kivulini, na yaende kwenye mizani mapema. Na pale ambapo gari linachelewa, tuombe kwa pamoja kibanda chenye paa mahali pa kupimia, kwa maana mama mmoja akiomba hasikiwi, lakini kikundi kinasikiwa.

Katika mkutano wenu wa wiki hii, ulizaneni: majani yetu yanakaa saa ngapi kati ya mkono na mizani? Na katika saa hizo, nani anayatunza?