Wafumaji wa Lancashire: Njaa Ilitangulia Mashine

Mtaje mfumaji wa mkono wa Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na karibu kila aliyesoma historia shuleni atakwambia kwamba mashine ndiyo iliyommaliza. Tarehe hazikubaliani na jibu hilo. Edmund Cartwright alipata hataza ya mtambo wa kufuma mwaka 1785, lakini mtambo wenyewe ulikuwa wa kusuasua, na kufikia mwaka 1813 mitambo ya namna hiyo nchini ilikadiriwa kuwa 2,400 tu. Wakati huo watu waliofuma pamba kwa mikono walikuwa kama laki mbili. Na tayari walikuwa wameanza kulala njaa. Mfumaji wa mji wa Bolton aliyepata zaidi ya shilingi 20 kwa wiki karibu na mwaka 1800, mwaka 1811 alipata kama shilingi 14, na mwaka 1820 kama shilingi 9. Miaka kumi baadaye ilikuwa shilingi 5 au 6. Kitu fulani kilimwangusha mtu huyu kabla mtambo wa mvuke haujamfikia, na ndicho kinachofaa kuchunguzwa.

Anguko lilianzia kwenye neema. Kazi iliyopata mashine kwanza ni kusokota. Baada ya uvumbuzi wa Hargreaves, Arkwright na Crompton, kati ya miaka ya 1760 na 1779, uzi ulifurika kuliko mikono ya kuufuma. Mfumaji akawa anatafutwa. Aliishi kwake, akafunga na kufungua kazi atakavyo, akalima kipande chake cha ardhi, na Jumatatu akipenda hakufanya kazi kabisa. Lakini kufuma kitambaa chepesi cha kawaida, cha aina ya bafta, hakukuhitaji miaka ya uanagenzi. Kijana mwenye afya alijifunza kwa wiki chache. Mlango ukawa wazi kwa kila mtu: vibarua wa mashamba, wahamiaji kutoka Ireland, na baada ya vita dhidi ya Napoleon kwisha mwaka 1815, askari waliorudishwa nyumbani bila kazi.

Hapo mfanyabiashara aligundua nguvu yake. Yeye ndiye aliyegawa uzi na kupokea kitambaa, akilipa kwa kipande. Mfanyabiashara mmoja akishusha malipo, jirani yake alilazimika kufuata au auze kwa hasara. Mfumaji naye, akiona kipande kimoja hakinunui tena mkate wa nyumba, alifuma viwili. Aliongeza saa, akamketisha mke kwenye kitanda cha pili cha kufumia, akawapa watoto kazi ya kukunja uzi. Kitambaa kikazidi sokoni, bei ikashuka tena. Kila familia ilifanya jambo la busara kwa nafsi yake, na kwa pamoja wakajichimbia shimo. Sioni haja ya kuwalaumu. Mtu mwenye njaa hapewi nafasi ya kupunguza kazi ili bei ipande.

Kulikuwa na watu waliokuwa na nafasi hiyo, nao walikaa Westminster, Bungeni. Mwaka 1808 wafumaji waliomba sheria ya ujira wa chini. Bunge likakataa. Wakakusanyika Manchester kwa maelfu, askari wakaitwa, mfumaji mmoja akauawa. Sheria za 1799 na 1800 zilikuwa zimekwisha kuwakataza wafanyakazi kuungana kudai ujira, na mwaka 1813 Bunge likafuta kifungu cha kale, cha enzi za Malkia Elizabeth, kilichowaruhusu mahakimu kupanga ujira. Hoja ilikuwa kwamba soko lisiingiliwe. Lakini mwaka 1815 Bunge hilohilo, lililojaa wenye mashamba, lilipitisha sheria ya kuzuia nafaka ya kigeni ili bei ya nafaka yao isishuke. Soko liliachwa huru kwa upande wa anayeuza jasho na kufungwa kwa upande wa anayenunua mkate. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000, wengi wao wafumaji na familia zao, walikusanyika katika uwanja wa St Peter's, Manchester, kudai haki ya kura. Wapanda farasi wenye panga waliwavamia. Zaidi ya kumi walikufa na mamia wakajeruhiwa.

Mashine ilikuja kukuta mtu amekwisha kudhoofika. Tena umaskini wake ndio ulioichelewesha: kwa nini utie mtaji kwenye chuma wakati binadamu anafuma karibu bure, kwa kifaa chake, chini ya paa analolipia kodi mwenyewe? Wenye viwanda wengi walitumia njia zote mbili kwa pamoja. Mitambo yao michache ilifuma mwaka mzima. Soko likichangamka waligawa uzi vijijini, likidorora waliacha kugawa. Hasara ya miezi mibaya ilibebwa na nyumba ya mfumaji. Mwaka 1826 wafumaji wa mashariki mwa Lancashire walivunja mitambo zaidi ya elfu moja, lakini kufikia mwaka 1833 mitambo nchini ilikuwa imefika kama laki moja.

Watoto wao ndio waliokwenda viwandani, na kwa kweli wenye viwanda waliwataka hao kuliko baba zao. Mitambo ilisimamiwa zaidi na wanawake na vijana, waliokuwa nafuu kuwalipa na rahisi kuwaamrisha. Mzee aliyezoea kujipangia siku yake alichukia kengele ya alfajiri, mlango uliofungwa kwa aliyechelewa, na faini. Sheria ya 1833 ilikataza kuajiri mtoto chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, na kwa wa miaka 9 hadi 12 iliweka kikomo cha saa 9 kwa siku. Hiyo ndiyo iliyoitwa ahueni, na wakaguzi wa kuisimamia nchi nzima walikuwa wanne.

Mji waliouhamia haukuwa umejengwa kwa ajili ya watu. Manchester ilikuwa na wakazi kama 75,000 mwaka 1801. Mwaka 1851 walizidi laki tatu. Maelfu walipanga vyumba vya chini ya ardhi ambamo maji machafu yaliingia mvua iliponyesha, choo kimoja kikihudumia uchochoro mzima. Kipindupindu kiliingia mwaka 1832. Ripoti ya Edwin Chadwick ya mwaka 1842 kuhusu afya ya vibarua ilionyesha kwamba wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua wa Manchester ulikuwa miaka 17. Katika vijiji vya Rutland, ambako kibarua alilipwa pungufu kuliko wa Manchester, ulikuwa 38. Hiyo haimaanishi kwamba watu wazima walikufa wakiwa na miaka 17. Wastani ulivutwa chini na watoto wachanga: zaidi ya nusu ya watoto wa wafanyakazi mjini humo hawakufikisha miaka mitano.

Pamba yenyewe ilitoka zaidi kusini mwa Marekani, ikichumwa na watumwa. Kitambaa cha merikani kilichovaliwa pwani yetu ya Afrika Mashariki toka miaka ya 1830 kilifumwa Massachusetts, si Lancashire, ila mashamba yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo bei ndogo ya kitambaa ililipwa na watu wengi, na mfumaji wa Bolton hakuwa aliyelipa zaidi.

John Fielden, mwenye kiwanda kikubwa cha Todmorden na mbunge, alijaribu tena kudai sheria ya ujira wa wafumaji katika miaka ya 1830. Kamati ya Bunge iliwasikiliza wafumaji na kukubali kwamba hali yao ni mbaya mno, ikapendekeza ujira upangwe. Bunge likakataa. Ikaundwa tume ya kifalme, ikafanya kazi miaka kadhaa, na mwaka 1841 ikatoa ushauri kwamba wafumaji waikimbie kazi hiyo na wasimfundishe mtoto yeyote. Ushauri ulikuwa sahihi, na umechelewa kwa miaka thelathini. Vijana walikuwa wamekwisha kuondoka. Wafumaji wa mkono wa pamba, ambao karibu na mwaka 1820 walikadiriwa kuwa 240,000, mwaka 1850 walibaki kama 40,000, wengi wao wazee mno kuajiriwa kwingine. Waliendelea kufuma kwa malipo yoyote yaliyotolewa, kwa sababu sheria mpya ya maskini ya 1834 ilikusudia kwamba mwenye nguvu za kufanya kazi asisaidiwe ila kwa kuingia katika nyumba ya kazi, ambako mume, mke na watoto walitenganishwa.