Kupigwa Kalamu: Lugha ya Kumbukumbu za Nidhamu ya Mawakili Nchini Kenya

Neno wakili lilitufikia kutoka Kiarabu, na msingi wa maana yake ni kumkabidhi mtu jambo lako alisimamie. Kutokana na mzizi uo huo tumepata wakala, uwakilishi na hata tawakali, yaani kuyaacha mambo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Yamkini ndiyo sababu wateja wengi humwendea wakili kana kwamba wanatawakali: hawamuulizi lolote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba zipo kumbukumbu za umma zinazomwezesha mteja kuuliza, na kwamba kikwazo kikubwa kwa Mkenya wa kawaida si kuzifikia tu bali pia kuzielewa. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, nasi wanafunzi wa Kiswahili hatujajishughulisha vya kutosha kuzitafutia lugha.

Nilichochewa na kisa cha shangazi yangu. Aligongwa na gari, akadai fidia kupitia kwa wakili, na kampuni ya bima ikalipa. Fedha hazikumfikia. Kila alipokwenda ofisini aliambiwa kwamba faili yake inashughulikiwa. Mwishowe binamu yangu alilitafuta jina la wakili huyo katika tovuti ya Chama cha Wanasheria nchini Kenya, ambacho wengi tunakiita LSK, akakuta neno moja la Kiingereza kando ya jina. Shangazi akanipigia simu kuniuliza maana yake.

"Amesimamishwa, Shangazi," nikamjibu.

"Amesimamishwa kama mwalimu anayengoja kesi yake isikizwe, au amefutwa kabisa? Na pesa zangu je, mwanangu?"

Nina shahada ya Kiswahili, na sikuwa na jibu.

Tuanze na Daftari lenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, mtu hana ruhusa ya kuhudumu kama wakili mpaka atimize masharti matatu: awe amekubaliwa rasmi kuwa wakili, jina lake liwe katika Daftari la Mawakili, na awe na cheti cha kuhudumu kilicho halali kwa mwaka huo. Cheti hicho hufikia kikomo tarehe 31 Desemba. Basi Daftari na cheti ni vitu viwili tofauti, na mteja asiyelijua hilo huweza kumdhulumu mtu bure. Wakili ambaye kumbukumbu zinaonyesha kwamba hahudumu mwaka huu huenda hakutenda kosa lolote. Pengine anafundisha chuoni, au amestaafu. Kosa huanza pale anapoendelea kuhudumu bila cheti.

Je, hati aliyoiandaa wakili wa namna hiyo ni batili? Suala hili lilifika Mahakama ya Juu katika kesi baina ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing. Mnamo mwaka 2015 mahakama hiyo iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu aliyeiandaa hakuwa na cheti cha mwaka huo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa maoni yangu. Atakayeadhibiwa ni wakili, si mteja aliyemwamini.

Mintarafu ya nidhamu, kuna vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kipo kifungu cha 53 cha Sheria hiyo kinachounda Tume ya kupokea malalamiko dhidi ya mawakili. Tume huchunguza, yaweza kuyatupilia mbali malalamiko yasiyo na msingi, kuwapatanisha mteja na wakili, au kulipeleka suala mbele. Chombo cha pili ni Jopo la Nidhamu, ambalo zamani liliitwa Kamati ya Nidhamu, nalo ndilo husikiliza na kuhukumu. Kifungu cha 60 kinalipa Jopo uwezo wa kumwonya wakili, kumsimamisha kwa muda usiozidi miaka mitano, kuagiza jina lake lifutwe katika Daftari, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kumwamuru amlipe mlalamishi fidia isiyozidi shilingi milioni tano. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Swali la shangazi, kwa hivyo, lilikuwa na jibu. Kumsimamisha mwalimu anayengoja kesi yake ni hatua ya kabla ya hukumu. Kumsimamisha wakili chini ya kifungu cha 60 ni hukumu yenyewe, tena yenye kikomo. Neno letu ni moja, maana ni mbili. Ningependekeza tuseme "amesimamishwa kwa adhabu" kila tunaporipoti hukumu ya Jopo, hata kama maneno yanaongezeka.

Kuhusu kufutwa, Kiswahili cha magazeti yetu kina nahau maarufu: kupigwa kalamu. Tumezoea kuitumia kwa kocha aliyetimuliwa au karani aliyeachishwa kazi, ilhali hakuna kalamu iliyoonekana. Kwa wakili, nahau hii inarudi karibu na maana yake ya wazi, kwa sababu kinachofanyika ni kulipiga mstari jina lililoandikwa katika daftari. Sijui kwa nini waandishi wa habari za mahakama hawaitumii zaidi hapo.

Lakini istilahi inayonikera ni "utovu wa nidhamu". Tangu shule ya msingi neno hili tunalihusisha na kuchelewa gwaride au kupiga kelele darasani. Tunapolitumia kwa wakili aliyekula fidia ya mjane, tunalipunguza uzito kosa lake bila kukusudia. "Ukiukaji wa maadili ya taaluma" ni kirefu, naam, ila angalau kinamkumbusha msomaji kwamba kuna ahadi iliyovunjwa.

Wanafasihi watakumbuka *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969 kutokana na tamthilia ya Shakespeare. Portia anaingia mahakamani akiwa amevaa kiume, akijifanya mwanasheria msomi. Mtawala anasoma barua ya Bellario, anaridhika, na kesi inaendelea. Hakuna anayeuliza jina hilo limesajiliwa wapi. Sisi wasomaji hushangilia, kwa kuwa tunaupenda upande anaoutetea. Mnamo Oktoba 2023 tawi la Nairobi la LSK liliuonya umma dhidi ya mtu ambaye lilidai si wakili, na kwamba aliingia katika akaunti ya wakili halisi mwenye jina linalofanana na lake. Wapo waliomshangilia huyo pia mitandaoni, wakisifu kesi walizosikia ameshinda. Funzo la kiutendaji ni kwamba jina pekee halitoshi. Mteja aulize majina yote ya wakili pamoja na nambari yake ya usajili, kisha alinganishe na kumbukumbu.

Hata hivyo, kumbukumbu hizo zina mapengo. Neno moja kando ya jina halielezi kosa lilikuwa nini: kula fedha za mteja, kupuuza kesi, au kukaidi barua za Jopo. Wala ukimya wake hauthibitishi usafi, kwa kuwa malalamiko yaliyosuluhishwa mbele ya Tume hayageuki kuwa hukumu. Anayetaka sababu hana budi kuutafuta uamuzi wenyewe, na huo ataukuta kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sioni vipi haki hiyo ya pili itamfaa shangazi yangu bila ile ya kwanza.

Tuliketi naye jikoni kwake Jumapili moja, nikamtafsiria kifungu cha 60 mstari kwa mstari huku akinikatiza. Alipofika kwenye fidia akaniomba nirudie kiasi. Kisha akachukua daftari la mjukuu wake, akaanza kuandika malalamiko kwa Kiswahili, tarehe juu, jina lake lote chini yake.