Choo cha Shimo Kikichoka, Tutajuaje?



Tukitembelea vikundi tunaulizwa juu ya mbuzi wa maziwa, juu ya mikopo na mbegu. Juu ya choo watu hunyamaza. Ni mambo ya aibu, wanasema. Lakini wakati wa mvua kubwa ya 2024 tulipita kwa mama mmoja wa kikundi, tukakuta majirani wamejaa uani. Usiku ule sakafu ya choo ilikuwa imeshuka upande mmoja, na ukuta ukafuata. Mtoto wake alikuwa ametoka mle dakika chache tu kabla. Mama akatuambia, "Ule ufa niliuona tangu Januari. Tukasema bado hakijajaa, tungoje kwanza."

Hapo ndipo tunapokosea wengi wetu. Tunadhani choo huisha siku kinapojaa. Sivyo! Choo kinaweza kuisha kabla ya kujaa, na hata kilicho imara hakifai kuachwa mpaka kijae pomoni. Basi tuangalie dalili.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Kina kilichobaki. Funga jiwe kwenye kamba, ulishushe polepole mpaka kamba ilegee. Shika kamba pale ilipo sakafu, uivute, kisha upime. Ukimaliza, itupe hiyo kamba shimoni na unawe mikono kwa sabuni. Ikibaki mita moja, anza kuchimba shimo jipya. Ikibaki nusu mita (kama futi moja na nusu hivi), funga choo. Nafasi hiyo ya mwisho ni ya udongo wa kufunikia, si ya kutumia.

2. Sakafu. Gogo lililooza au kuliwa na mchwa, saruji yenye ufa, sakafu inayocheza ukikanyaga: usingoje hata wiki. Kama shimo lenyewe bado ni zima, sakafu peke yake inaweza kubadilishwa.

3. Udongo wa kando. Ukiona ardhi inadidimia kuzunguka choo, au maji ya mvua yanaingia shimoni, jua kuta za ndani zinabomoka. Choo cha namna hii hakitengenezwi. Kifungwe.

4. Uchafu unaopanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi. Maana yake maji ya chini ya ardhi yanaingia shimoni, na kwa njia hiyo hiyo uchafu unaweza kufika kisimani. Hapa kuchimba zaidi kunaongeza shida. Shimo jipya liwe fupi, na sakafu iinuliwe juu ya ardhi kwa mawe au matofali.

Je, harufu na nzi? Hizo peke yake hazitoshi kusema choo kimeisha. Kwanza funika tundu, mwaga jivu, na kama kuna bomba la hewa, angalia kama wavu wake umetoboka. Wengi wamefunga choo kizima kwa sababu ya wavu tu.

TUPIGE HESABU

Kwa kukadiria, mtu mmoja huongeza shimoni kama lita 60 kwa mwaka, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Nyumba ya watu wanane ni mitungi 24 kwa mwaka. Shimo la mita moja kwa mita moja, kina mita nne, ukitoa ile nusu mita ya juu, linabeba mitungi 175. Gawanya: ni miaka saba hivi. Lakini mkitupa humo chupa, nepi na takataka za jikoni, miaka itapungua. Kwa hiyo andika mwaka wa kuchimba kwenye mlango wa choo, usisahau.

SHIMO JIPYA

Lichimbwe kiangazi, kabla ya mvua za Machi. Liwe mbali na kisima angalau mita 30, ambazo ni hatua 40 hivi za mtu mzima, na liwe upande wa chini wa kisima, si wa juu. Sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita moja na nusu. Fundi akikuta udongo unatoa maji, ameshapita mahali pa kusimama. Lisiwe ubavuni mwa la zamani, maana ukuta wa katikati utaanguka. Penye udongo mweusi unaopasuka, au penye mchanga, jengeni kuta za ndani kwa mawe au matofali.

KUFUNGA LA ZAMANI

Toeni mbao na mabati yanayofaa. Jazeni udongo hadi upite usawa wa ardhi, kwa sababu utashuka, kisha zungusheni miiba watoto wasikanyage. Mnaweza kupanda mgomba hapo. Msifukue mbolea kabla ya miaka miwili, kwani mayai ya minyoo hukaa muda mrefu.

Tena tunaomba sana: mtu yeyote asiingie katika shimo lililotumika, hata kama ameangusha simu au pesa. Hewa ya mle huua haraka, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye.

KAZI YA KIKUNDI

Yule mama hakukosa akili. Alikosa mikono ya kuchimba na pesa za saruji. Mjane au mzee akiona ufa peke yake, atafanya nini? Kikundi kikiona pamoja, kitachimba kwa zamu, na mchango wa mzunguko utanunua saruji. Chagueni siku moja kila Januari, mpite nyumba kwa nyumba na kamba, jiwe na daftari. Mkianza kwa mwenyekiti, hakuna atakayeona haya.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

- Ni wangapi kati yetu wanaojua mwaka choo chao kilichimbwa?
- Ni nyumba gani hapa kijijini haiwezi kuchimba bila msaada?
- Tutaanza kupima lini?